Mkono Usibaki Wazi

Nimechoka kuisimulia habari hii vipande vipande, mara kwenye foleni ya maji, mara nje ya kanisa. Kila mtu akinikuta ni "Papa Solange, kule Lilongwe ilikuwaka namna gani?" na kila anayejibiwa anakwenda kuitia chumvi. Juzi nimesikia kwamba nilikunywa chai na waziri. Waziri hakuwepo. Chai ilikuwepo. Sasa nimeamua kuandika yote tangu mwanzo, na atakayeniuliza tena nitampa karatasi hii.

Kwa asiyenijua, mimi ni fundi saa. Meza yangu iko sokoni hapa kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, jirani na mama anayeuza ndagala, vile visamaki vikavu, na ndiyo maana wateja wangu huondoka wakinuka kidogo. Baba yangu alikuwa fundi saa Bukavu, na kazi hii alinifundisha yeye. Fundi wa kweli akimaliza kutengeneza saa, hukwaruza alama yake ndani ya kifuniko cha nyuma, ndogo kuliko chawa, mahali ambapo mwenye saa hatapaona kamwe. Ni fundi mwenzake tu ndiye ataiona, siku atakapoifungua. Alama ya baba ilikuwa pembetatu. Yangu ni pembetatu yenye nukta ndani, kwa sababu mimi nilitoka kwake.

Saa niliyokuwa navaa ilikuwa ya baba, ya Uswisi, ya kutia ufunguo kila asubuhi. Aliivua mkononi mwake akanivika siku nilipoondoka nyumbani kwenda kusoma Bujumbura. Nilipokimbia Kongo nilikuwa nayo. Kule Tanzania saa zao ziko mbele yetu kwa saa moja, nami nilikataa kuigeuza, kwa hiyo kwa miaka miwili nilichelewa kila mahali, hata kwenye mgao wa unga. Nilipofika Malawi nikakuta watu wana saa ileile ya Bukavu. Saa ya baba ikawa sahihi tena bila kuguswa, na mimi nikasema basi, hapa nitakaa.

Sasa binti yangu Solange amepata nafasi ya kusoma chuo huko Kanada, na ilikuwa aondoke Jumamosi. Zamu ya saa ilikuwa imemfikia. Lakini katika familia yetu kuna sharti: anayetoa saa lazima mkononi mwake awe amekwisha kuvaa nyingine, nzuri, inayotembea. Baba alisema mtoto asiondoke akijihisi amemvua mzazi. Nilijaribu kumwambia Solange kwamba nitatafuta nyingine baadaye. Amekulia kwenye meza yangu, tangu ana miaka sita ananiokotea skrubu zilizoanguka. Akanitazama tu.

"Papa," akasema, "kama mukono yako itabakia wazi, mi sitaikamata. Na usiniletee ile saa ya plastiki ya soko ya Mchesi. Niko najua."

Hiyo ilikuwa Jumatatu. Nilikuwa na siku nne za kupata saa ambayo mtoto huyu angeikubali, au saa ya baba isingevuka bahari. Pesa nilikuwa nimejiwekea miaka mingi kwa ajili ya saa yangu ijayo, maana hata mimi nina tamaa zangu. Nikasema sitaanzia chini. Nitaanzia kule wanakonunua mabosi, niingie, nikae, niangalie, nichague kama mtu.

Kutoka kambini mpaka kwenye lami

Jumanne asubuhi nilivaa kostime yangu ya bluu, tai, viatu vilivyopigwa rangi mara mbili, na mfukoni kopo langu la vifaa. Nje alikuwa ananisubiri Nestor na kabaza yake, baiskeli ya kubeba abiria. Nestor ni Mrundi wa Ruyigi, mkulima aliyegeuzwa na maisha kuwa mwendesha baiskeli, na ni rafiki yangu wa miaka kumi. Alikuwa ametandika mfuko wa plastiki kwenye kiti cha nyuma ili nisichafuke.

"Mzee," akaniuliza, "uko unaenda kuoa tena?"

"Niko naenda kununua saa."

"Na saa inataka tai?"

Hatukufika mbali. Gurudumu la nyuma lilianza kulia, likayumba, kisha likatoboka. Tukatembea, mimi na kostime yangu, yeye na baiskeli yake, na akina mama waliokuwa wanatoka mashambani wakanipigia magoti wakidhani ni mchungaji mgeni. Nestor hakuacha kunilaumu njia nzima. Miaka minane iliyopita spoki moja ya baiskeli hii ilikatika, nami nikaomba vipande. Chuma cha spoki ni kizuri sana kwa skrubu ndogo za saa ukijua kukichonga, na kutoka kwenye spoki ile nimekata skrubu nyingi. Kipande cha mwisho, urefu wa kidole, kilikuwa ndani ya kopo langu siku hiyo hiyo.

"Tangu ulichukua ile spoki, hii kinga haijapona," akasema Nestor, akiipiga baiskeli tandiko; kwao kinga ndiyo baiskeli.

"Ilikuwa imekatika, Nestor."

"Ilikuwa imekatika, lakini ilikuwa yangu."

Akaniacha kwenye lami akakataa malipo, akisema nimetembea kwa miguu yangu mwenyewe.

Kwenye lami mpaka Area 36

Mnakumbuka ulikuwa ule wakati mafuta yalikuwa shida nchi nzima. Magari yalikuwa machache kama nyama. Nilisimama kando ya barabara kuanzia saa mbili mpaka saa sita, nikala mandazi manne, nikafahamiana na kila mbuzi wa pale. Mwishowe lori la kabichi lilinichukua, nami nikaketi mbele karibu na dereva, Mmalawi mmoja mnene mwenye maneno machache, nikiwa na kabichi mbili mapajani kwa sababu nyuma zilikuwa zinamwagika.

Kwenye kizuizi cha polisi tukasimamishwa. Karatasi zangu zilikuwa sawa, sitawachosha na hizo. Kilichotuweka ni kopo. Polisi alilifungua akaona bisibisi nyembamba kama sindano, koleo ndogo, kioo changu cha jicho na kile kichuma cha spoki, akarudi nyuma hatua moja. Akaniuliza kwa Kichewa kama mimi ndiye yule anayeng'oa watu meno vijijini bila kibali.

"Ayi, bwana," nikasema. "Mawotchi." Yaani hapana, ni saa tu.

Hakuamini. Akavua saa yake, iliyokuwa imesimama, akaniwekea juu ya kabichi. Niliifungua palepale. Kichuma kinachoshika betri kilikuwa kimelegea tu, nikakibana, nikapuliza vumbi, mshale ukaanza kutembea. Polisi akashukuru, "zikomo" mara tatu, na akatupa mahindi ya kuchoma. Kisha akawaita wenzake, na mmoja alikuwa na saa mbili. Tulitoka pale jua likielekea kuzama, na dereva hakunisemesha tena mpaka Area 36, mtaa wa Lilongwe nilikokuwa nikienda, ila alipokuwa ananishusha aliuliza kwa sauti ndogo kama natengeneza na saa za ukutani, nikamwambia anichukue Ijumaa aje nayo.

Area 36 anakaa Mama Chantal, mdogo wa marehemu mke wangu, ambaye anashona nguo chumba cha mbele na kulala chumba cha nyuma. Alinipikia sombe ya kwetu, majani ya muhogo yenye mawese, na bugali mgumu unaosimama, si ule mlaini wa majirani zake. Nikala mpaka nikalegeza mkanda. Aliposikia ninakokwenda akanivua koti akaanza kulikagua mishono.

"Shemeki," akasema, "kule karibu na Capital Hill bantu banaangalia viatu mbele, kiisha njo banaangalia uso. Uso yako haina tatizo. Lete viatu."

Mchesi

Najua nilikatazwa Mchesi. Lakini Jumatano asubuhi soko lile lilikuwa njiani, na fundi saa akipita kwenye meza ya saa bila kusimama anaumwa. Kulikuwa na saa zinazong'aa mpaka zinaumiza macho, zote zimeandikwa Uswisi. Nikachukua moja yenye duara tatu ndogo juu ya uso wake. Mishale ya duara zile ilikuwa imechorwa kwa rangi.

Nikamwonyesha muuzaji kwamba hii mishale ya pembeni haitembei.

"Hiyo ni ya nchi za Ulaya, bwana," akanijibu bila kupepesa. "Saa hizi bado wamelala."

Nilimpenda mtu yule. Nikamnunulia soda nikaendelea na safari yangu.

Duka la kioo

Kwetu butike ni pale unaponunua chumvi na sabuni. Hii niliyoingia, katika jumba moja jipya si mbali na maofisi ya serikali ya Capital Hill, ilikuwa na mlinzi wa kufungua mlango tu. Alinipigia saluti. Ndani kulikuwa na baridi kama ya Bukavu mwezi wa saba, zulia, viti vya mahameli, na saa zimelala kila moja kwenye kitanda chake. Nimeshika saa tangu utotoni, lakini nawaambia ukweli, moyo ulinidunda kama wa bwana harusi.

Hapo ndipo nilipokosea, na ni kosa letu sisi. Kwetu mtu mwenye heshima haingii dukani akarukia bidhaa. Unasalimia, unaketi, unauliza habari za kazi, kisha ndiyo unafikia jambo lako. Nikasalimia kwa Kifaransa, kwa kuwa Kiingereza changu hakijavaa tai, nikaketi, nikaweka mguu mmoja juu ya mwingine. Wamalawi wenye pesa waliokuwemo walikuwa wamevaa kaptura. Binti mmoja muuzaji, aliyejitambulisha kama Thoko, alinitazama kostime, akasikiliza kile Kifaransa, akakimbilia nyuma. Akarudi na chai, biskuti nne, na meneja akichungulia mlangoni. Nilikuja kuelewa baadaye kwamba walidhani mimi ni balozi wa nchi fulani.

Thoko akavaa glavu nyeupe akaniletea saa ya kwanza. Mimi, kama nilivyofundishwa na baba, sikuitazama. Niliiweka sikioni. Saa husikilizwa kwanza, uso wake baadaye. Akaniletea ya pili, nikaiweka sikioni. Ya tatu vilevile. Nikaona ameanza kuniongelesha kwa sauti kubwa na polepole, akisogea karibu na sikio langu, na mlinzi naye akageuka kusikiliza. Alidhani balozi ni kiziwi na anajaribu kama saa zinafanya kazi.

Zilikuwa nzuri, sitaki kudanganya. Ile ya tatu ilikuwa inapumua laini, bila kukwama hata mara moja. Nikamwambia kwamba hii nataka kuiona ndani, nikatoa kopo langu na kifungulio. Baba hakuwahi kununua saa ambayo hakuiona tumbo, na mimi siwezi kuanza leo.

Thoko aliinyakua saa akaikumbatia kifuani. Meneja akatokea kabla kopo halijafungwa.

"Mheshimiwa," akasema, "saa hizi hazifunguliwi dukani. Hata balozi hatumruhusu."

"Mimi si balozi," nikamjibu kwa Kiingereza changu kidogo. "Mimi ni fundi. Natoka Dzaleka."

Uso wake ulijifunga kama duka siku ya Jumapili. Akaniambia kwamba hapa si mahali pa kujifunzia kazi, na kwamba kuna wateja wanasubiri viti. Iliniuma, ndugu zangu. Miaka arobaini ya kazi, halafu unaambiwa ukajifunze. Lakini sikuinuka haraka. Nilimaliza chai yangu, nikala biskuti ya nne, nikamshukuru kwa ukarimu, na nikiwa mlangoni nikamweleza kwamba saa yake kubwa ya ukutani imechelewa dakika nne. Akaangalia simu yake.

Thoko alinifuata nje. Alikuwa ameona aibu, nikaona ni mtoto wa watu wazuri. Akaniambia kuna mzee anaitwa Bwana Karim katika mji wa zamani, Area 2, anauza saa za aina hii hii ila zilizokwisha kuvaliwa, na yeye huzifungua. "Ukimkuta ameamka vizuri," akaongeza.

Mji wa zamani

Alhamisi asubuhi nikamkuta Bwana Karim ameamka vizuri. Ni mzee mwenye asili ya Kihindi, mkavu, miwani miwili, mmoja machoni na mwingine kwenye nywele. Alikulia Dar es Salaam, kwa hiyo tulielewana, ingawa alikuwa anacheka nikiongea.

"Kiswahili chako kimepanda milima mingi," akaniambia. "Kimechoka."

"Chako kimelala tu pwani," nikamjibu, naye akanivutia kiti.

Duka lake ni dogo, giza, linanuka mafuta ya mashine, na nilijisikia nyumbani mara moja. Nyuma kuna karakana yenye mashine ya kuchongea. Mbele kuna kabati moja la kioo lenye saa zisizozidi ishirini. Nikaeleza ninachotafuta na kwa nini lazima kabla ya Jumamosi. Akasikiliza yote, kisha akafungua kabati akatoa ile iliyolala katikati peke yake, uso mweusi, mkanda wa ngozi ya mamba.

"Hii huwezi kuinunua," akasema, "hata mimi nisingeweza. Bosi mmoja wa Capital Hill anaijia kesho. Lakini isikilize tu, ufurahi."

Nikaiweka sikioni. Mnajua unavyoitwa jina sokoni katikati ya watu, ukageuka, usione ni nani? Ndivyo ilivyokuwa. Sauti ile nilikuwa naijua. Uso sikuujua, kasha sikulijua, mkanda sikuujua.

"Nani aliitengeneza?" nikauliza.

"Fundi mkubwa wa Johannesburg. Niliinunua kwa mfanyabiashara mmoja, inatembea, ila haina kioo wala mishale, nikaweka vipya, uso nikaubadilisha, na kasha lililokwaruzika nikaling'arisha. Yeye ndiye aliyeniambia kuhusu huyo fundi. Mimi ndani sijagusa kitu. Kazi kama ile huigusi, utaiharibu."

Nikaomba kuifungua. Akanitazama mikono kwa muda, mikono si uso, kisha akanisogezea taa. Nikatoa kifungulio, kifuniko kikatoka. Nikavaa kioo cha jicho nikakigeuza.

Pembetatu. Na nukta ndani yake.

Niliweka kifuniko mezani. Nikaikumbuka yote. Miaka minane iliyopita mtu mmoja aliyekuwa anapita kambini kuelekea Afrika Kusini aliniletea saa imefungwa kwenye kitambaa, haina kioo, haina mishale, kasha limekwaruzika kama sufuria. Nilikaa nayo wiki tatu. Aliichukua inatembea, na sikumwona tena.

"Bwana Karim," nikasema, "huyu fundi wa Johannesburg ni mimi."

Alicheka kwa adabu. Watu wengi humwambia mambo.

"Chukua kioo chako," nikamwambia. "Angalia daraja, kile kibamba kinachoshika lile gurudumu linalochezacheza. Skrubu mbili ni za Uswisi, zina rangi ya bluu. Ya tatu utaona ni nyeupe kidogo na kichwa chake kina mfereji mpana. Hiyo nilichonga mwenyewe. Ni spoki ya baiskeli. Ya rafiki yangu Nestor."

Aliinamia saa ile muda mrefu. Alibadilisha miwani, akainamia tena. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika, nikadhani analia, kumbe anacheka, anacheka mpaka akalazimika kukaa chini.

"Miaka yote nimeisifu," akasema akifuta macho. "Kabaza! Bosi wa Capital Hill anakuja kuchukua kabaza!"

"Unataka niibadilishe?"

"Usiiguse." Akawa mzito ghafla. "Inatembea kuliko zote humu ndani. Ila niambie, kesho yule bosi akiniuliza nani aliitengeneza, nitasema nini?"

"Sema Dzaleka."

Akakirudisha kifuniko mwenyewe, taratibu. "Nitasema Dzaleka," akajibu.

Ndugu zangu, nimepewa vyeti, nimepewa zawadi za kwaya, nimepigiwa makofi kanisani. Sijawahi kufurahi kama nilivyofurahi katika duka lile lenye giza. Niliitamani ile saa? Niliitamani sana. Lakini haikuwa yangu, na mezani kwangu bado palikuwa na Jumamosi.

Bwana Karim akavuta droo ya chini, ile anayoitupia saa zilizomshinda. Akaniambia nichague yoyote nipewe. Nikakataa kupewa. Nikamwambia nimekuja kununua, nitanunua. Tukabishana kidogo kwa heshima mpaka akataja bei ambayo haikumdharau yeye wala mimi. Nikaanza kuzisikiliza moja moja, ingawa zilikuwa zimekufa. Nikazitikisa karibu na sikio, nikisikiliza kilicholegea. Nikachagua moja nyembamba ya kutia ufunguo, ya Uswisi ya zamani, jina kwenye uso wake limefutika kabisa. Haikuwa na kitu kibaya ila uchafu wa miaka, mafuta yaliyokauka, na skrubu moja iliyopotea.

Mnajua nilikuwa na nini kwenye kopo.

Nilifanya kazi kwenye karakana yake mpaka jioni, nikasafisha kila jino, nikachonga skrubu kwenye mashine yake ambayo ni nzuri kuliko tupa yangu. Alituma tuletewe chapati na kuku wa mchuzi, nikala nikiwa nimeshika koleo mkono wa pili. Saa kumi na moja ikaanza kutembea. Nikakwaruza alama yangu ndani ya kifuniko. Bwana Karim akaiomba, akaiweka sikioni kwanza kabla ya kuitazama, nikajua amefundishwa na mtu mzuri.

Kurudi

Ijumaa nilirudi kwa lori lile lile, maana dereva alikuja na saa yake ya ukutani kwenye kiti nilichopaswa kukalia. Tuliitengeneza njiani, nikiipakata. Polisi wa kizuizini alitupungia mkono wenye saa.

Kwenye lami nikamkuta Nestor. Nikamweleza habari ya spoki yake. Akapanda baiskeli, nikapanda nyuma, na tulipofika kwenye nyumba za kwanza akaanza kuwaambia watu tunaowapita, mmoja mmoja, kwamba sehemu ya kinga yake iko Capital Hill na ina mkanda wa mamba. Chumvi nyingi mliyoisikia ilianzia pale.

Solange alikuwa nje anaanua nguo za safari. Hakunisalimia. Alinishika mkono nilikovaa ile saa ya Bwana Karim, akaigeuza, akaivua bila kuniomba ruhusa. Akaiweka sikioni. Akasikiliza muda mrefu kuliko nilivyopenda. Kisha akaingia ndani akaleta kifungulio changu cha akiba na kioo cha jicho, akaketi kizingitini akaifungua.

Nilisimama pale kama mtu anayesubiri majibu ya hospitali. Nilimwona anakiona kile kialama. Nilimwona anahesabu skrubu, anarudi kwenye moja.

"Papa," akasema, "hii visi si ya Uswisi."

"Apana."

"Ni ile spoki ya Papa Nestor?"

"Njo hiyo."

Akaifunga. Akanivalisha mwenyewe, akaubana mkanda, akaukagua mkono wangu kama Mama Chantal alivyokagua viatu. Kisha akanyoosha wake. Nikavua saa ya baba, nikamfunga. Tulilia wote wawili, na sioni aibu kuandika hivyo.

Akaondoka Jumamosi. Imepita wiki ya tatu sasa. Jana jioni alinipigia simu, nikiwa mezani nafunga kazi. Aliniambia habari za baridi, za wenzake, za viazi wanavyokula kila siku. Mwishowe nikamuuliza huko kwao ni saa ngapi.

"Hapa banaenda kula ya midi, ya saa sita," akasema. "Lakini mi sikuigeuza, Papa. Yangu inasema saa kumi na mbili ya magaribi, kamili."

Nikaangalia mkononi mwangu. Yangu ilisema saa kumi na mbili kasoro dakika mbili. Sikumwambia. Nikavuta kile kifungo cha pembeni, nikasogeza mshale, nikaifuata yake.